Mabega na shingo vinakakamaa kila jioni, nifanyeje? (fundi cherehani, Kigoma)

Fundi_Mwanga: Wakuu, habari za jioni. Nashona kwa cherehani ya miguu hapa Mwanga. Ikifika jioni mabega yamekuwa magumu kama mbao, yanavuta mpaka kisogoni, na nikiamka taya limechoka. Kukandwa kwa mawese kunanipa nafuu ya usiku mmoja tu, halafu narudi kwenye diklofenaki, vidonge vya maumivu. Sina ganzi wala homa. Naombeni ushauri.

Mnyoosha_Viungo: Pole fundi. Kukandwa kunalegeza msuli, ila kesho ukikaa mezani unaukaza tena bila kujua. Msuli uliozoea kukazwa unauona ndio hali yake ya kawaida, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujifunza kuuhisi. Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alifundisha hili karne iliyopita: kaza kidogo, achia, sikiliza tofauti.

Lala chali au kaa umeegemea. Pandisha mabega kuelekea masikioni kwa nusu ya nguvu zako, sekunde 5 hadi 7, huku ukiendelea kupumua. Achia kwa mkupuo, usiyashushe taratibu. Kisha sekunde 20 hadi 30 usifanye chochote, fuatilia tu yanavyozidi kuzama. Hapo kwenye kuachia ndipo penye somo, na ndipo wengi wanaparuka. Rudia mara mbili, kisha viganja, mikono, uso, tumbo, miguu. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Ukishazoea, acha kukaza. Tafuta tu palipobana uachie.

Taya: midomo ifunge, meno yasigusane, ulimi utulie nyuma ya meno ya juu.

Binti_Ujiji: Na hiyo diklofenaki ya kila siku kaka, iache mpaka uongee na daktari. Inachubua tumbo na kuumiza figo, mwenye presha ndiyo kabisa.

Mzee wa Vipimo: Mnamfundisha kulegea halafu anarudi kwenye stuli ileile! Viwiko viwe usawa wa meza. Meza ikiwa juu, mabega yatapanda tu. Angalia na mwanga: fundi anayeinama kutafuta tundu la sindano anabeba kichwa chenye kilo 4 au 5 kwa misuli ya shingo. Sogeza taa, na kila nusu saa simama.

Fundi_Mwanga: Asanteni sana. Nimejaribu sasa hivi, nilipofika miguuni kigimbi kikanibana vibaya.

Mnyoosha_Viungo: Umenyoosha vidole kwenda chini. Vivute vije upande wako, kwa nguvu ndogo kuliko uliyotumia. Shingo nayo usiikaze kwa kuirudisha nyuma, sukuma kisogo kwenye mto polepole. Sehemu yenye jeraha iruke. Na siku ukipata ganzi inayoshuka mkononi, mkono ukakosa nguvu ya kushika mkasi, au maumivu yakaja na homa, acha mazoezi uende hospitali ya Maweni wakupime.