Mwaka 525 mfalme Kaleb wa Aksum alivuka bahari kuwaokoa Wakristo wa Najran, au kuichukua Yemen?

Mleta mada:

Wakuu, kisa cha Kaleb husimuliwa hivi. Mwaka 523 Yusuf Dhu Nuwas, mfalme wa Himyar (Yemen ya leo) aliyefuata dini ya Kiyahudi, aliwaua Wakristo wa mji wa Najran. Kilio kikavuka Bahari ya Shamu. Kaleb, mfalme Mkristo wa Aksum kule Uhabeshi, akapakia jeshi majahazini mwaka 525, akamuua dhalimu, na haki ikapatikana. Basi. Mimi naona kisa hiki kimekatwa mwanzo na mwisho, kikabaki kipande cha kati tu.

Kwamba mauaji yalitokea sibishi. Mzee al-Harith, mkuu wa Wakristo wa Najran, alikatwa kichwa. Hata upande wa wauaji umeacha ushahidi: Sharahil Yaqbul, jemadari wa Yusuf, alichonga kwenye majabali ya kaskazini mwa Najran hesabu ya vita vyake, waliouawa zaidi ya 12,000, mateka 11,000, mifugo 290,000. Aliandika kwa kujisifu.

Lakini maandishi hayohayo yanataja kwamba kabla ya Najran, Yusuf alichoma kanisa la Zafar na kuwaua Wahabeshi waliokuwa mle. Zafar ulikuwa mji mkuu wa Himyar. Wahabeshi walikuwa wakifanya nini mji mkuu wa watu? Walikuwa kikosi cha Aksum. Miaka michache nyuma Aksum ilikwishaingiza mkono wake Himyar, na mfalme aliyetangulia, Madikarib Yafur, alikalia kiti kwa nguvu zao. Yusuf aliposhika madaraka, kazi yake ya kwanza ilikuwa kukimaliza kikosi hicho.

Halafu kuna hili la Adulis, bandari ya Aksum. Nje ya mji, kwenye njia ya kwenda Aksum, kilisimama kiti cha enzi cha marumaru kilichoandikwa Kigiriki ushindi wa mfalme wa zamani wa Aksum, zikiwemo nchi za ng'ambo, Uarabuni. Kaleb alipokuwa anajiandaa kwa vita hivi alimwandikia liwali wa Adulis amnakilie maandishi yale. Kazi ikawaangukia wafanyabiashara wawili, Cosmas kutoka Misri na mwenzake Menas. Nakala moja wakampa liwali, nyingine Cosmas akabaki nayo, ndiyo maana leo tunayasoma ingawa kiti chenyewe kimepotea. Mtu anayekwenda kuokoa roho za watu, kwa nini aanze kwa kutafuta hati ya babu yake ya umiliki?

Tena mfalme Ezana wa karne ya 4 tayari alijiita mfalme wa Aksum na wa Himyar na wa Saba (ufalme wa kale wa Yemen). Najran ilimpa Kaleb sababu. Nia alikuwa nayo siku nyingi.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, umechambua vizuri ila hapo kwenye nia umeteleza. Unamhukumu mtu wa karne ya 6 kana kwamba alikuwa na mafaili mawili mezani, moja la dini na moja la siasa. Kwake yeye kanisa lililochomwa Zafar lilikuwa kanisa la watu wake na mji wake na Mungu wake, vyote pamoja.

Na hakukurupuka. Kaisari Justin wa Konstantinopoli, mji mkuu wa Warumi wakati huo, alimhimiza, Patriaki Timotheo wa Aleksandria alimhimiza, na baadhi ya majahazi yalitoka bandari za Warumi. Kumbuka Kaleb na Kaisari walikuwa madhehebu yanayovutana, kwa sababu Aksum haikukubali mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalkedoni wa mwaka 451. Hata hivyo walikubaliana juu ya Najran.

Mapokeo ya Kanisa la Ethiopia yanasema mwishoni aliacha ufalme, akapeleka taji lake Yerusalemu, akaingia monasterini kwa Abba Pantalewon karibu na Aksum. Mnyang'anyi haachi taji.

Mchangiaji wa pili:

Assalaam alaykum wote. Mimi ni wa Lamu. Nashangaa mnavyojadili kana kwamba kisa hiki ni cha Wakristo peke yao. Sisi tumekikuta chuoni tukiwa wadogo. Wafasiri wengi wanawataja hao wa Najran katika Sura ya Al-Buruj, watu wa makhandaki, waumini waliotiwa motoni kwa sababu tu ya kumwamini Mungu. Kwetu ni watu wa heshima, nao walikuwa Wakristo. Na Sura ya Tembo, jeshi lililokwenda kuivunja Al-Kaaba? Kiongozi wao Abraha alikuwa mtawala wa Yemen aliyetokana na jeshi hilihili la Kaleb. Kwa hiyo mimi kwa Kaleb nasita. Alikwenda kwa ajili ya waliodhulumiwa, na aliowaacha nyuma wakawa madhalimu wengine.

Jambo dogo kwa wapenzi wa vyombo: Procopius, mwandishi wa Kirumi wa zama zile, anasema vyombo vya bahari hizo havikupigwa misumari, mbao zilifungwa kwa kamba. Yaani zilishonwa, kama mtepe wetu.

Mchangiaji wa tatu:

Mleta mada, naomba uangalie pia Brazili. Katika karne ya 18 Waafrika wa Rio de Janeiro, watumwa na waliokombolewa, walikuwa na chama chao cha ibada kikiwa na Kaleb kama somo wao, kwa jina la Santo Elesbão. Sanamu zake zinamwonyesha mtu mweusi aliyevaa kanzu ya mtawa, mkuki mkononi, chini ya miguu yake mfalme mweupe. Hebu fikiria mtu aliyepigwa mnada asubuhi anapiga magoti mbele ya sanamu ile. Usimnyang'anye.

Mleta mada:

Huyo wa Brazili amenigusa. Simnyang'anyi. Sanamu ile ilibeba kitu ambacho hakuna mwingine angewapa watu wale, na tarehe 27 Oktoba, sikukuu yake katika kalenda ya Kanisa Katoliki, ibaki yake.

Ila naomba twende mpaka mwisho wa kisa. Kaleb aliposhinda alimweka Sumyafa Ashwa, Mhimyari Mkristo, na Procopius anasema alimpangia kodi ya kila mwaka ipelekwe Aksum. Waliookolewa hawapangiwi kodi! Karibu mwaka 531 Kaisari Justinian akatuma mjumbe: Aksum inunue hariri kwa Wahindi na kuwauzia Warumi, ili fedha yao isiende kwa adui yao, Uajemi. Mpango ulikwama maana wafanyabiashara wa Kiajemi walikuwa wakiwahi bandarini na kununua shehena nzima. Mazungumzo hayo ni ya biashara na vita, na Najran imeshasahaulika.

Na askari? Wengi waliipenda ardhi ya Yemen wakakataa kurudi. Wakamfunga Sumyafa, wakamweka Abraha, ambaye kwa mujibu wa Procopius alikuwa mtumwa wa Mrumi mmoja mwenye shughuli za meli Adulis. Kaleb akatuma watu 3,000 chini ya ndugu yake; wakamuua ndugu huyo wakajiunga na Abraha. Akatuma jeshi la pili, likapigwa. Hakutuma tena. Mchangiaji wa kwanza, taji unaloniambia liliachwa kwa hiari, mimi nalitazama baada ya majeshi hayo mawili. Imani yake siikatai.

Kitu ninachorudia kukisoma kuliko vyote ni kidogo sana. Maandishi ya Kisiria ya zama zile yanasimulia kwamba jeshi la Kaleb lilipoingia liliua watu wengi wa Himyar, Wayahudi hasa, na Wakristo wa huko wasiojua Kihabeshi hawakuwa na namna ya kujieleza. Wakajichora alama ya msalaba mikononi. Askari akija, wanainua mkono.

Hao ndio waliokuwa wakiokolewa. Mchangiaji wa kwanza, ukinijibu, anzia kwao, siyo kwenye taji.