Programu yangu haitambui nani alinitukana: utata wa sentensi za Kiswahili uondolewe vipi?

Mwanafunzi wa Sinza:
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaandaa programu ya kuchambua malalamiko ambayo abiria wa daladala hapa Dar es Salaam huyatuma kwa ujumbe wa simu, ili kila lalamiko limfikie anayehusika. Programu inakwama kwenye sentensi tata. Kwa mfano, haioni tofauti kati ya "gari la dereva lililogonga bajaji" na "gari la dereva aliyegonga bajaji", na katika "kondakta wa dereva aliyenitukana" haijui aliyetukana ni yupi. Kabla ya uchambuzi ninaondoa viambishi vyote na kubakiza mashina ya maneno, kama masomo mengi ya kuchambua lugha za Ulaya kwa kompyuta yanavyoelekeza. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa isimu, Mbezi:
Mdogo wangu, umekosea hapo hapo unapokata viambishi. Katika Kiswahili upatanisho wa kisarufi ndio unaobeba sehemu kubwa ya jibu: "lililogonga" linarudi kwa gari, "aliyegonga" linarudi kwa dereva, na ukibakiza "gonga" pekee umeufuta ushahidi kwa mkono wako. Hata neno lenye maana mbili hufunguka kwa njia hiyo. "Ndege imetua" ni chombo cha abiria, "ndege ametua" ni kiumbe mwenye mabawa. "Mbuzi amepotea" ni mnyama, "mbuzi imepotea" ni kifaa cha kukunia nazi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyechapisha mwaka 1992 namna ya kuchambua mofolojia (muundo wa maneno) ya lugha za Kibantu kwa kompyuta, alivigawanya viambishi na kuvihifadhi pamoja na ngeli zake, na mwaka 1996 akaeleza jinsi kanuni zinazotazama maneno jirani zinavyoondoa uchambuzi usiofaa. Ninasikitika kuona vijana wetu wakiitendea lugha yetu kana kwamba haina ngeli.

Mtunga programu, Kijitonyama:
Ninamuunga mkono Mwalimu, ila ngeli zina mpaka wake. Kondakta na dereva wote ni wa ngeli ya A-WA, kwa hiyo "aliyenitukana" linawafaa wote wawili, na hakuna kiambishi kitakachokuokoa. Vivyo hivyo "Juma amepanda mwembe": ametia mche ardhini au yuko juu ya mti? Hapo tunahitaji maneno ya jirani. Mwaka 1986 mtaalamu wa kompyuta Michael Lesk alipendekeza kulinganisha fasili za kamusi za neno tata na fasili za maneno yaliyo karibu nalo, na kuchagua maana yenye maneno mengi ya pamoja. "Akaanguka" ingetuelekeza kwenye kukwea, "akaumwagilia" kwenye kilimo, mradi kamusi yenyewe iwe na fasili ndefu za kutosha. Mifumo ya leo hujifunza ujirani huo kutoka maandishi mengi, lakini hoja ya Yehoshua Bar-Hillel, mmoja wa waanzilishi wa utafiti wa tafsiri kwa kompyuta, ya mwaka 1960, kwamba sentensi nyingine hazieleweki bila maarifa ya dunia, bado ina uzito kwangu. Kwa lalamiko linalomhusu mtu na kazi yake, nisingependa programu ikisie. Ihifadhi maana zote mbili, kisha imuulize abiria mwenyewe.

Mwanafunzi wa Sinza:
Shikamoo Mwalimu, na asante sana kaka. Nimerudisha viambishi na kukipa kila kitenzi ngeli ya kiima chake na ya kirejeshi chake (kama "ye" katika "aliyegonga"), na sentensi mbili za gari sasa zinaenda sehemu tofauti. Ile ya kondakta bado ina maana mbili, kwa hiyo programu humrudishia abiria ujumbe: "Aliyekutukana ni dereva au kondakta?" Kinachonitatiza bado ni wanaoandika kwa haraka na kuachia viambishi njiani, kama "gari ya dereva imegonga".

Mwalimu wa isimu, Mbezi:
Marahaba. Hilo si kosa la haraka: wengi mjini husema "gari ya" wakiitumia ngeli ya I-ZI, kwa hiyo liruhusu neno "gari" lipatane na ngeli zote mbili, LI-YA na I-ZI.