Tupeane uzoefu: orutu, managu na pesa taslimu, nini hukwama ukitoka Kenya?

Wadau wa Kisumu, Kakamega, Nakuru na Busia, mwenye kujua aweke hapa kwa undani: karatasi gani, ofisi gani, na kwa nini mzigo huzuiwa.

Fundi wa ngoma, Kakamega
Kwenye ala za muziki ndiko watu hupoteza vitu vya thamani bure. Isukuti (ngoma) na orutu (fidla ya uzi mmoja) za jadi huwambwa ngozi ya kenge, na kenge yumo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Ala hiyo haitoki bila kibali cha Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS), hata iwe moja tu ya zawadi. Kibali huombwa kabla ya safari, na utaulizwa ngozi ilipatikana wapi; ya kichochoroni haina jibu. Risiti ya dukani haitoshi, inathibitisha bei tu.

Agizeni ngozi ya mbuzi tangu mwanzo. Kagua mwenyewe kwenye mwanga: ya kenge ina magamba madogo ya duara yaliyopangana mistari mistari, ya mbuzi ina vitundu vya nywele tu. Iwe imekwanguliwa mafuta na kukauka kabisa, kwa sababu ngozi mbichi inayonuka hukataliwa huko uendako. Nyatiti (kinubi cha nyuzi nane) ya ngozi ya ng'ombe haiguswi na CITES. Wachezaji wanaovaa ngozi ya mbega, kibali ni kilekile cha KWS.

Mkulima, Nakuru
Mboga za managu (mnavu), saga na kunde za kupelekea jamaa Ulaya zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa serikali, hata kifungu kimoja. Nchi za Umoja wa Ulaya zimesamehe matunda matano pekee: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Omba cheti mtandaoni, kisha peleka mboga zikaguliwe kabla hujazifunga. Jina la kisayansi liandikwe: managu ni Solanum, saga ni Cleome. Kinachoangusha wengi ni kung'oa managu na mizizi. Udongo ukionekana, mzigo wote umekwisha. Kata shina juu ya ardhi, pekua chini ya majani kutafuta nzi weupe, na usizifunge zikiwa na maji.

Mursik, yale maziwa ya mgando ya kienyeji, msihangaike nayo. Maziwa na nyama za abiria kutoka kwetu haziruhusiwi Ulaya wala Uingereza.

Mchuuzi, Busia
Pesa taslimu za dola 10,000 au zaidi, au thamani hiyo kwa sarafu yoyote, lazima uzitangaze kwa forodha unapotoka. Hakuna anayekukataza kuzibeba, kosa ni kunyamaza.

Kwa bidhaa za biashara zilizozalishwa Afrika Mashariki, zisizozidi dola 2,000 na zilizo kwenye orodha ya pamoja ya nchi za Jumuiya, omba palepale mpakani cheti rahisi cha asili, cha kuonyesha bidhaa zilikotoka. Hakilipiwi. Ukipita bila hicho, upande wa pili watakutoza ushuru kama mgeni.

Msafirishaji, Kisumu
Nyongeza fupi. Ukiruka Kisumu kwenda Nairobi ni safari ya ndani, kwa hivyo kupita hapa hakumaanishi umeruhusiwa. Ukaguzi wa forodha na mimea ni uwanja wa JKIA, Nairobi, na huko hakuna wa kumrudishia orutu yako. Dhahabu ghafi ya Migori au Kakamega nayo inataka kibali cha kusafirisha madini chini ya Sheria ya Madini ya 2016. Sanamu za mawe ya Tabaka hazina shida hiyo, pima uzito tu.