Ushauri: Mzee wa jukwaani anasema Dryden ndiye aliyedaka msimu wa 1970, kumbukumbu zinasema sivyo. Dondoo niiandikeje?

BintiPangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nipo Ithaca, jimbo la New York, nasoma uzamili pale Cornell. Hoki ya barafuni nyumbani sikuwahi kuiona hata kwenye runinga, lakini sasa sikosi mechi. Uwanja wetu, Lynah Rink, ni mdogo na umekuwepo tangu 1957. Wachezaji wageni wakitajwa majina, sisi tunafunua magazeti kana kwamba hatusikii. Harvard wakija wanarushiwa samaki.

Kikundi chetu cha mashabiki kimenipa kazi ya kuandaa karatasi ya dondoo za takwimu inayogawiwa kabla ya mechi za nyumbani. Kazi hii naipenda kupita maelezo. Usiku badala ya kusoma najikuta natafuta nani alifunga bao la ngapi mwaka gani.

Tatizo langu ni hili. Jukwaani nakaa karibu na mzee mmoja ambaye anakuja uwanjani tangu miaka ya 60. Ndiye aliyenifundisha mchezo, na dondoo zangu za mwanzo nyingi zilitoka kinywani mwake. Ken Dryden, kipa wetu wa zamani, alipofariki Septemba 2025, mzee aliumia sana. Akaniomba karatasi moja iwe ya kumkumbuka, na akanipa maneno kabisa: kwamba Dryden ndiye aliyekuwa golini msimu wa 1969–70 tuliposhinda mechi zote 29, na kwamba hakuna timu nyingine ya chuo Marekani iliyowahi kumaliza msimu hivyo.

Nimefuatilia. Dryden alimaliza chuo 1969. Fainali ya 1970 pale Lake Placid, tulipoifunga timu ya chuo cha Clarkson 6–4, golini alikuwa Brian Cropper. Na sehemu ya pili ya maneno ya mzee nayo sina uhakika nayo.

Naombeni ushauri. Namba za zamani namna hii nazihakikishaje? Na huyu mzee nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Chuma_cha_Pua

Andika ukweli, dada. Mzee ataelewa.

BintiPangani

Mkuu, ukweli nitauandika, hapo sina wasiwasi. Ninachoogopa ni mzee kuusoma kwenye karatasi mbele ya watu wote, wakati yeye ndiye aliyeiomba.

Wa_Mombasa_Road

Sasa dada. Mimi ni Mkenya, hoki niliijulia kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi, kwa kuitazama timu yetu ya Ice Lions, na nilifurahi kupita kiasi mwaka 2024 Kenya ilipokubaliwa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Kwa hivyo uzi huu umenigusa.

Kuhusu kuhakikisha: usianze na tovuti za takwimu. Zinasaidia, lakini nyingi zinanakiliana, na kosa likiingia moja utalikuta kwa zote. Nyinyi mna bahati ambayo vyuo vingi havina. Gazeti la wanafunzi, Cornell Daily Sun, linatoka tangu 1880 na matoleo yake ya zamani yamewekwa mtandaoni na maktaba ya chuo. Fungua toleo la siku iliyofuata mechi. Utakuta nani alifunga, kipindi gani, nani alidaka. Aliyeandika alikuwa uwanjani, na wasomaji wake pia walikuwepo, wangemkamata angekosea.

Kisha linganisha na kitabu cha kumbukumbu cha idara ya michezo ya chuo. Vikikubaliana, andika. Visipokubaliana, tafuta gazeti la mji wa timu pinzani. Clarkson wapo Potsdam, jimbo hilo hilo la New York, nao wana magazeti yao.

Mwalimu_wa_Hesabu

Naomba niongezee, maana hapa ndipo watu wengi wanaopenda dondoo huteleza. Namba inaweza kuwa sahihi kabisa na dondoo ikawa ya uongo, kwa sababu hukusema imehesabiwa kwa kanuni gani.

Chukua mechi ya Michigan na Michigan State ya tarehe 11 Desemba 2010, iliyochezwa nje katika uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Michigan, ikaisha 5–0 kwa Michigan. Siku ile ilitangazwa kwamba watazamaji ni 113,411. Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wao wakathibitisha 104,173, kwa kuwa walihesabu tiketi zilizopitishwa kwenye mashine getini. Namba zote mbili zinazunguka mpaka leo na zote zina msingi. Ukiandika moja bila kusema imetoka kwa nani, utabishana na mtu msimu mzima na wote mko sahihi.

Au chukua pointi, yaani mabao ukijumlisha na pasi za mabao. Rekodi ya msimu mmoja ni ya Tony Hrkac wa North Dakota, 1986–87: mabao 46, pasi 70, jumla 116. Paul Kariya wa Maine, 1992–93, alipata 100: mabao 25 na pasi 75. Ukisimama hapo, Hrkac yuko juu. Lakini Hrkac alicheza mechi 48 na Kariya 39. Gawanya: Hrkac 2.42 kwa mechi, Kariya 2.56. Swali limebadilika, na jibu nalo limebadilika. Mimi ningeandika yote mawili na kuwaachia mashabiki wabishane, ndiyo raha yake.

Sare nazo zina mtego. Mechi ya kawaida ya chuo ikiisha sare siku hizi wanaongeza dakika tano, wachezaji watatu kwa watatu, na bao la kwanza linamaliza kazi. Wasipofungana, ligi nyingi huenda kwenye mikwaju ili kutoa pointi ya ziada, lakini kwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mechi hiyo inabaki sare. Kwa hiyo shabiki aliyeshangilia ushindi wa mikwaju atakuambia tumeshinda, na kitabu kitasema tumetoka sare. Kabla hujamwita mtu mwongo, muulize anahesabu kwa daftari la nani.

BintiPangani

Mwalimu, asante sana. Hilo la Kariya na Hrkac linaingia kwenye karatasi ya mwezi ujao.

Nyuki_wa_Kahama

Nami niulize kama mgeni. Mechi ya hoki si vipindi vitatu vya dakika 20? Niliona mahali mechi ya dakika 151. Hiyo nayo ni kanuni au ni uzushi?

Mwalimu_wa_Hesabu

Si uzushi. Ni mechi ya Massachusetts na Notre Dame, Machi 2015, mtoano wa ligi ya Hockey East. Kwenye mtoano dakika tano hazipo, wanacheza vipindi kamili vya dakika 20 mpaka apatikane mfungaji. Walifika nyongeza ya tano. Dakika 60 za kawaida, nyongeza nne ni 80, unapata 140, na bao la Massachusetts likaingia dakika 11 na sekunde 42 za nyongeza ya tano. Jumla 151:42, mechi ndefu kuliko zote za vyuo, 4–3.

Na humo ndani kuna dondoo naipenda kuliko zote. Kipa wa Notre Dame, Cal Petersen, aliokoa mashuti 87, rekodi ya NCAA, na akapoteza mechi. Alipigiwa mashuti 91, akaruhusu manne, yaani aliokoa asilimia 95.6. Makipa wengi wangetamani asilimia hiyo siku ya ushindi wao.

MamaWawiliMinneapolis

Kuna jambo mmelipita na mimi siwezi kulinyamazia. Mzee anasema hakuna timu nyingine ya chuo iliyomaliza msimu kwa ushindi mtupu. Wanawake wa Minnesota, msimu wa 2012–13, walicheza mechi 41 wakashinda 41 na kuchukua ubingwa. Mfululizo wao wote ulifika ushindi 62, kuanzia Februari 2012 hadi Novemba 2013, North Dakota walipoukata.

Mimi ninaishi huku na binti zangu wote wawili wanacheza. Inawauma kusikia "hakuna timu nyingine" kana kwamba wale wasichana hawakuwahi kuteleza barafuni. Andika "bingwa wa NCAA kwa wanaume wa daraja la kwanza" na sentensi inakuwa kweli tupu. Cornell haipungukiwi na chochote.

BintiPangani

Mama, nimekuelewa na nakushukuru. Niliona aibu kidogo kusoma hilo, kwa sababu hata karatasi yetu haijawahi kuandika lolote la timu ya wanawake. Hilo nitalirekebisha.

Mtoto_wa_Ngamiani

Nakuja kwenye suala la mzee, maana hilo ndilo uliloliomba na wengi wamekimbilia namba.

Nimeishi Kanada muda mrefu. Huku Dryden ni mtu mkubwa: mataji sita ya Stanley, yaani ubingwa wa ligi kuu ya kulipwa, NHL, akiwa na Montreal, kisha mbunge na waziri. Yeye mwenyewe ni hazina ya dondoo. Mwaka 1971 alichaguliwa mchezaji bora wa mtoano, na tuzo ya mchezaji bora chipukizi akaipata mwaka uliofuata, 1972, kwa kuwa mechi za msimu wa kawaida alizocheza kabla ya mtoano ule zilikuwa sita tu. Mpe mzee hiyo, ataifurahia.

Halafu tazama alichokifanya hapo kwenu. Alidaka misimu mitatu, 1966–67 hadi 1968–69, kwa kuwa wakati ule wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kubwa. Akashinda 76, akapoteza 4, sare 1. Mtu mwenye rekodi hiyo hahitaji kuazimwa msimu wa 1970. Ukimwambia mzee "umekosea", umemnyang'anya kitu. Ukimwambia "Dryden hakuhitaji hata msimu ule", umempa kikubwa zaidi.

Usimwambie kwa simu wala jukwaani. Nenda naye akiwa peke yake, kabla karatasi haijachapwa. Mwonyeshe ukurasa wa gazeti la Machi 1970, asome mwenyewe. Halafu mwombe akusimulie Cropper alikuwaje. Yeye alimwona akicheza, wewe hukumwona.

Wa_Mombasa_Road

Nakubaliana na huyu mia kwa mia. Na usimwambie umeletewa na watu wa mtandaoni.

BintiPangani

Wakuu, nimerudi. Nilichapa ukurasa wa gazeti nikaenda nao kwa mzee, tukakaa kwenye mgahawa jirani na uwanja. Aliusoma wote, akarudia, kisha akaniambia misimu ile miwili ilikuwa imeungana kichwani mwake ikawa mmoja. Hakukasirika hata kidogo. Alianza kunisimulia mabao matatu ya Dan Lodboa katika kipindi cha tatu cha fainali, yeye beki, akanionyesha kwa kijiko jinsi alivyokata katikati ya watu. Hilo la mabao nimelihakiki, ni sahihi. Ameniambia karatasi iwe ya wote wawili, Dryden na Cropper.

Rasimu ni hii, naombeni mnikosoe:

"Ken Dryden alidaka Cornell misimu mitatu, 1966–67 hadi 1968–69: ushindi 76, kupoteza 4, sare 1. Bingwa wa NCAA 1967, tulipoifunga Boston University 4–1. Msimu uliofuata kuondoka kwake, Brian Cropper akiwa golini, Cornell ilishinda mechi zote 29. Kwa wanaume wa daraja la kwanza, hakuna bingwa mwingine wa NCAA aliyemaliza msimu bila kupoteza wala kutoka sare."

MamaWawiliMinneapolis

Safi sana. Nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani.

Mwalimu_wa_Hesabu

Kila namba imesimama na sharti lake. Nina nyongeza moja, sijui kama ulishaiona. Zile mechi nne alizopoteza, umezitazama ni zipi? Mwaka 1968 Cornell ilitolewa na North Dakota katika nusu fainali ya taifa. Mwaka 1969 ilipoteza fainali kwa Denver, 4–3. Yaani katika misimu mitatu, nusu ya mechi alizopoteza Dryden zilikuwa za hatua ya mwisho kabisa ya ubingwa.

BintiPangani

Mwalimu! Hiyo hata mzee hakuniambia. Nafungua gazeti sasa hivi nizitafute zile mbili zilizobaki.

Mtoto_wa_Ngamiani

Ukizipata zilete hapa, tarehe na timu pinzani. Na muulize mzee kwanza, kabla hujafungua gazeti.