Muuza samaki wa mapambo kaniingiza mjini: tenki limekuwa supu ya mlenda, yeye analaumu floridi

Wakuu, nimekaa kimya miezi mitatu, leo nasema.

Nilinunua tenki la sentimita 60 kwenye duka moja hapa Arusha, silitaji. Jamaa akanifungia mimea, udongo wenye rutuba, samaki wadogo aina ya gapi kumi na taa kali kama ya uwanja wa mpira. Nikamuuliza taa iwake masaa mangapi. "Asubuhi mpaka unapolala, mimea inapenda mwanga." Basi masaa 14 kila siku, na tenki lenyewe dirishani, jua la asubuhi la Njiro linapiga kioo. Wiki ya tatu majani yakaota manyoya ya kijani, ndiyo mwani huo. Ya nne, samaki siwaoni mpaka waje kugusa kioo.

Narudi dukani, eti "maji ya Arusha yana floridi nyingi." Floridi! Hiyo tunaijua, imetupaka meno rangi tangu utotoni, lakini lini imelisha mwani? Mwani unakula kilekile wanachogombea na mimea: mwanga, na mbolea iliyomo majini, naitreti na fosfeti. Mimea haijashika mizizi, udongo mpya unatoa amonia, nayo ni mbolea, chakula cha samaki kinaozea chini, taa haizimwi. Hapo nani anawahi sahani?

Akaniuzia dawa, 35,000. Kesho yake konokono wote wa kwenye tenki chali. Ndipo nasoma maandishi madogo kwenye chupa: shaba. Shaba ni sumu kwa konokono, na mimea laini inaungua nayo. Wale konokono wakaoza, mwani ukarudi umenenepa. Nikarudi tena (ndiyo, nichekeni), akaniuzia "mfagiaji", samaki wa mdomo wa kunyonya, saizi ya kidole. Hakusema kwamba akikua anapita sentimita 30, na kinyesi chake ni mbolea tosha.

Aliyeniokoa ni mzee jirani anayefuga sato bwawani, hajawahi kumiliki tenki la kioo maishani. "Mwanangu, maji yakiwa kijani kuna jua na kuna mbolea. Punguza."

Nikahamishia tenki ukutani, nikalifunika blanketi siku tatu, pampu ya hewa inaendelea, kisha nikabadilisha nusu ya maji. Sasa taa masaa 6, chakula kidogo mara moja kwa siku, theluthi ya maji kila Jumamosi, na nimejaza mimea inayokua haraka ili ile mbolea iishie kwake. Naona mpaka ukuta wa nyuma. Gharama: blanketi nililokuwa nalo.

Juzi nikamrudishia chupa yake. "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi, si umeona risiti?" Risiti yenyewe hakunipa!

Mwenye tenki kubwa anayemtaka mfagiaji aje inboksi, namtoa bure. Na msiniambie nikammwage Ziwa Duluti, samaki wa kigeni hatupwi ziwani. Chupa simpi mtu.