Likizo ya mwezi wa sita: watoto wanataka kutafuna kutwa nzima, niwape nini?

Baba Watatu:
Habari za muda huu wakuu. Shule zimefunga, niko na watoto wangu, miaka 10, 6 na 3. Mama yao yuko Tanga anamuuguza mama yake, kwa hiyo likizo yote hii ni mimi, na duka ni langu peke yangu. Tangu asubuhi ni "baba njaa", "baba kuna nini". Naomba vitafunwa vyenye afya, visivyo na gharama, visivyotaka mpishi. Niko Singida mjini. Matusi sitaki.

Mama Kachori:
Singida na viazi vitamu vyote hivyo unauliza? Chemsha sufuria nzima alfajiri, funika, kila mwenye njaa ajichotee. Siku nyingine mahindi ya kuchemsha, yai, ndizi mbivu, chungwa. Mimi nauza kachori lakini wangu siwapi kila siku. Karanga wape hao wakubwa, wa miaka 3 usimpe nzima, atapaliwa. Msagie kwenye uji. Zikiwa na ukungu tupa, usizionee huruma. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu.

Msukuma Halisi:
Sisi likizo tulikuwa tunachunga. Mfukoni una matobolwa tu, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Ukilitia kinywani asubuhi, unalisumbua hadi ng'ombe wanakwenda kunywa maji. Siku moja mbwa aliniibia yote na nikarudi jioni nimeshiba mbula za porini. Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai.

Kijiwe Tisa:
Mkuu una duka. Hao hawana njaa, wanajua biskuti zilipo.

Baba Watatu:
Asanteni. Viazi nitajaribu. Ila nimeshanunua katoni mbili za juisi ya paketi, ile nyekundu, maana nasikia inaongeza damu.

Nesi Mstaafu:
Inamwongezea nani damu?

Baba Watatu:
Nimeuliza vitafunwa tu dada.

Nesi Mstaafu:
Nimekuelewa kaka. Nani hana damu hapo nyumbani?

Baba Watatu:
Haya. Ni huyu wa kati. Mwezi wa nne alipimwa, damu ikasoma 8. Wakampa dawa ya maji ya kuongeza damu. Siku ya nne choo kikawa cheusi tii, nikaisimamisha. Mzazi gani angeendelea? Tena anapenda udongo, nadhani analamba jiko la nje. Lakini anacheza vizuri, hajalala kitandani hata siku moja. Na juisi nimeshailipia, hairudishwi.

Nesi Mstaafu:
Weusi ule ni madini chuma yaliyo kwenye dawa, ni kawaida. Ungerudi kuuliza. Mtoto wa miaka 6 akishuka chini ya 11.5 tayari ana upungufu. Hiyo 8 haimalizwi na kitafunwa, sembuse rangi na sukari. Hamu ya udongo mara nyingi inatembea na upungufu wa madini chuma, na udongo wenyewe unaleta minyoo. Nenda na chupa hiyo, apimwe upya, aangaliwe minyoo, na uulizie sikoseli, maana si kila upungufu wa damu unatibiwa kwa dawa hiyo. Nyumbani mpe dagaa, maini, maharage, na pembeni chungwa au ubuyu mweupe usiotiwa rangi. Chai asinywe pamoja na chakula, inazuia madini chuma kufyonzwa. Dawa iweke juu kabisa. Huyo wa miaka 3 akiinywa nyingi inaua.

Mtumishi Mnyenyekevu:
Swali langu ni moja. Mama anaachaje watoto watatu likizo nzima? Ndoa za siku hizi!

Mama Kachori:
Kamuuguza mama yake, wewe wa kwako umemuuguza lini?

Mchunguzi Huru:
Wakuu, mnahangaika bure, hii ni chai, stori ya kutunga. ID hii hii mwezi wa pili ilikuwa Mbeya, kijana wa miaka 24, anatafuta mchumba asiye na mtoto. Leo ana mtoto wa miaka 10. Pigeni hesabu.

Kijiwe Tisa:
Alianza mapema 😂😂

Baba Watatu:
Simu hii ilikuwa ya mdogo wangu, na ID ni yake. Sina haja ya kumdanganya mtu.

Kijiwe Tisa:
Mchumba alipatikana lakini?

Mchunguzi Huru:
"Mdogo wangu." Huyu mdogo wenu kila mtu anaye.

Nesi Mstaafu:
Kama ni chai, mtoto asiinywe na chakula.

Baba Watatu:
Mrejesho. Jana nilimwambia mtoto anionyeshe anapolamba. Si jikoni. Ni ukutani nyuma ya kitanda chao, tofali mbichi, kuna shimo linaingia ngumi yangu. Kaka yake alikuwa anajua, akaniambia "anakulaga usiku". Chupa nimeipata juu ya kabati, imebaki robo tatu. Kesho duka nafungua mchana.

Mchunguzi Huru:
Weka picha ya shimo.

Kijiwe Tisa:
Niko hapa Singida pia. Hizo katoni mbili bei gani?

Baba Watatu:
Ipo moja. Nyingine walishaifungua.