Tupeane uzoefu: gari lisilokunywa mafuta lakini linalomeza skii za familia nzima

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wale wanaopenda kwenda kuteleza kwenye theluji kwa skii (zile mbao ndefu za kufunga miguuni) lakini roho inawauma wakiona mshale wa mafuta umelala kabla hata mlima haujaonekana. Leteni yaliyowakuta wenyewe. Ya kwenye vipeperushi vya wauzaji tumeshayasoma. Naanza.

Tulikuwa na gari kubwa la siti saba, foo wili ya muda wote. Mizigo tulikuwa tunarusha tu, mlango unafungwa. Ila lilikunywa lita 12 kwa kilomita 100 likiwa na adabu, na mlimani tulikwenda mara tano kwa mwaka. Siku nyingine zote nilibebea laptopu na mwavuli. Nikaliuza.

Kutafuta jingine nilikwenda na skii zenyewe begani, zangu za sentimita 178 na za mama watoto 165. Muuzaji alinitazama kama nimepotea njia. Lakini hapo ndipo nilipojifunza kwamba skii haijui lita. Gari la kwanza liliandikwa lita 500 na zaidi za buti, buti lenyewe refu kwenda juu, fupi kwenda ndani. Skii hazikuingia mpaka nilaze upande mmoja wa siti ya nyuma, sasa mtoto mmoja akae wapi? La pili siti ya nyuma imegawanyika mara tatu, 40/20/40. Unalaza kile kipande cha katikati tu, skii zinapita baina ya watoto wawili, kila mtu na siti yake. (Na hawapigani njia nzima, ukuta umeshajengwa.) Nikachukua hilo, stesheni wagoni haibridi, yaani la injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme. Kwa mwaka mzima wastani wangu ni lita 5.4.

Karibuni.

Keria_Juu: Mkuu, mimi nilifanya kinyume chako. Nilinunua kigari kidogo, nikasema mizigo itapanda juu kwenye boksi la keria. Bila boksi kinakula 5.8. Nikiwa nalo, spidi 120, kinakula 7.4. Nilidhani injini imechoka, nikampelekea fundi. Akacheka, akaniambia shusha spidi kwanza. Kwenye 95 kikarudi 6.5. Upepo haukui sawasawa na spidi. Ukizidisha spidi mara mbili, nguvu ya upepo inayokuzuia inakuwa mara nne.

Kosa langu kubwa halikuwa boksi, ni uvivu. Msimu wa kwanza lilikaa juu tangu theluji ya kwanza mpaka ya mwisho, hata nikienda kazini. Kulishusha ni dakika kumi. Nikikokotoa mwaka mzima, kigari na boksi la siku kumi na tano tu bado kinanitoka nafuu kuliko kuendesha gari kubwa kila siku.

Jambo jingine: someni uzito ambao paa linaruhusu. Langu ni kilo 75, na humo vyuma vya keria na boksi lenyewe vinahesabiwa. Viatu vya skii jozi moja inafika kilo nne. Vikae kwenye buti, juu peleka skii na makoti.

MamaPacha: Wanaofunga skii kwenye keria bila boksi, zivalisheni mfuko. Chumvi ya barabarani iliniletea kutu kwenye kingo na kwenye vishikio vya viatu kwa safari moja tu. Na za ndani ya gari zifungwe na mkanda. Ukikanyaga breki ghafla, skii isiyofungwa ni mkuki.

Haibridi_Damu: Nina Toyota RAV4 haibridi foo wili. Buti lita 580. Niliyoipendea ni kwamba magurudumu ya nyuma yanasukumwa na mota ya umeme, hakuna ile shafti ndefu ya kutoka mbele, hivyo foo wili hainiumizi sana kwenye mafuta. Ila msidanganyike na namba za kiangazi. Kiangazi napata 5.5, kwenye baridi kali inapanda mpaka 6.9. Hita ikidai joto injini lazima iwake, hata mmesimama foleni ya kuegesha. Siku hizi napasha siti badala ya hewa yote.

Mbili_Mbele: Foo wili mnaisifu kupita kiasi jamani. Inakusaidia kuondoka, kusimama haikusaidii. Nina Skoda Octavia stesheni wagoni, inavutwa na magurudumu ya mbele tu, buti lita 640, yaani inaishinda hiyo RAV4 na iko chini kwa chini, upepo hauipati sana. Miaka sita nimepanda nayo mlimani kwa tairi za baridi zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na kitheluji ndani. Minyororo ya kufunga kwenye tairi iko chini ya zulia, nimeifunga mara mbili tu. Tairi za kawaida mpira wake unaanza kukakamaa chini ya nyuzi 7, hapo hata ungekuwa na foo wili ngapi, utateleza tu. Na mpime upepo wa tairi mkifika juu. Kila nyuzi 10 zikishuka, psi (kipimo cha upepo wa tairi) karibu 2 zinapotea, na tairi laini linakula mafuta.

Haibridi_Damu: Kusimama nakupa. Ila njoo uone kwetu, njia ya nyumba tunayopanga haikwanguliwi theluji mpaka saa nne asubuhi.

Mbili_Mbele: Basi wewe umehalalishiwa 😂

DizeliMoyo: Dizeli kwa safari ndefu iliyopakia inabana mafuta vizuri, mimi napata 5 kamili. Ila nilijaza tenki bondeni kwenye joto, nikapanda, tukalala kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Asubuhi gari linagugumia, halafu kimya. Dizeli ilikuwa imetoa nta, chujio limeziba kama mafuta ya mgando. Siku ya kwanza ya likizo tuliimaliza kwenye karakana. Sasa najaza nusu bondeni, nusu nyingine kwenye kituo cha karibu na mlima, huko wanauza dizeli ya baridi.

Chaji_Kamili: Wa gari la umeme, moja tu: msichaji asilimia 100 juu mlimani. Betri ikijaa haina pa kuweka umeme wa mteremko, unabaki na breki za miguu peke yake. Mimi naondoka na 80, nikifika chini imeongezeka.

Mgeni_Theluji: Mkuu mwenye uzi, hilo tundu lako la katikati, snobodi inapita? Tuko wanne, mmoja ndiye mwenye ubao.

Mwenye uzi: Sijawahi kujaribu. Skii zinapita jozi tatu zikibanana, lakini snobodi ni pana, ncha yake inakaribia sentimita 30. Nahisi itabidi ilale bapa juu ya mizigo. Jirani anayo ya 155, Jumamosi namwazima, naijaribu, narudi na jibu.